Picha za Babu, kwa Midoli ya Kuazima

Mdoli wa Spider-Man, ule wa kawaida wa sentimita 15, una sura moja tu. Mlaze, sura ile ile. Msimamishe apigane na watu saba, sura ile ile. Mpe habari ya msiba, sura ile ile. Wanaojaribu kupiga picha za hadithi kwa midoli hulalamika sana juu ya hili, na nimewaona wengine wakihangaika kuichora machozi kwa kalamu. Mimi naona wanatengeneza kitu ambacho hakijaharibika. Sura ikishindwa kusema, mwili unalazimika kusema: bega limeinama kiasi gani, mguu upi umetangulia, nani kampa nani mgongo, na kati yao pana hatua ngapi. Kupanga hadithi ya namna hii, kwa sehemu kubwa, ni kuamua umbali.

Nayasema haya kwa sababu tangu niwaonyeshe wasomaji wenzangu picha zangu chache nimekuwa nikiulizwa swali moja kwa namna mbalimbali, nyingine za heshima na nyingine za kejeli: mtu mzima na akili zake, mwenye kibanda chake cha kuweka na kutoa pesa pale Ngombezi, anafanya nini kifudifudi kwenye vumbi, simu mkononi, mbele ya midoli ya mtoto? Jibu fupi ni kwamba nilikuwa natafuta picha ya babu yangu. Jibu refu ndilo hili.

Babu hana picha. Si kwamba ilipotea au iliungua, haikuwahi kupigwa. Ngombezi, kwa asiyefika, iko nje kidogo ya mji wa Korogwe, milima ya Usambara upande mmoja, bonde la mto Pangani upande mwingine, na katikati mkonge. Mkonge wenyewe ni mgeni. Uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, akiutoa Florida, na miche iliyofika hai pwani yetu ilikuwa 62 tu. Kutoka kwenye hiyo 62 tukafika mwaka 1964, nchi ikitoa kama tani 230,000 kwa mwaka, hakuna aliyetufikia duniani. Mikono ya kukata yote hayo haikutosha kupatikana hapa. Ilitafutwa Kigoma, Njombe, Songea, Urundi, Msumbiji. Kuanzia 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao kabisa ya kuandikisha watu, SILABU. Ukiandikishwa unapewa namba, na ndiyo maana mpaka leo wazee wa huku wanaitwa manamba, hata kama wamezeeka na wajukuu wao ni walimu.

Babu alikuwa Muha. Alipewa namba, blanketi na kipande cha kuhesabia siku zake za kazi. Picha za zamani za mkonge nilizowahi kuziona ni za mitambo ya korona, za singa zilizoanikwa kwenye waya kama nywele za mazimwi, na za watu waliosimamishwa mstari kwa mbali, wadogo kama njugu. Pengine babu ni njugu mojawapo. Sina namna ya kujua.

Baba yangu alizaliwa kambini mwaka 1948, na babu alifariki baba akiwa na miaka tisa. Baadaye baba naye akaingia kazi ile ile, miaka mingi katika chumba cha brashi, kule singa zilizokauka zinakosuguliwa mpaka zing'ae na vumbi lake likaingia kifuani likakataa kutoka. Sasa ana kikohozi ambacho tumekizoea kama saa ya ukutani, na jicho moja limeingia ukungu. Ukimuuliza habari za baba yake anajibu sentensi moja isiyobadilika: "Alikuja, akafanya kazi, akafa." Nimeisikia tangu niko darasa la pili. Nilipopata simu nzuri nikasema sasa nitamrekodi. Nikamwekea chai, nikaweka simu kwenye stuli, nikaanza kwa mbali, habari za mvua, habari za bei. Mzee akaitazama ile taa ndogo nyekundu, akakaza shingo kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho cha mpiga kura. "Alikuja, akafanya kazi, akafa." Basi.

Midoli ni ya mtoto wa kaka yangu, naye ana miaka tisa. Ana Spider-Man wawili, mmoja hana kiganja, ana Batman, Black Panther, askari mmoja asiye na jina, na Hulk mkubwa kupita kiasi. Vyote vya bei ya chee, vya Manundu na mnadani, rangi imemwagika nje ya mistari. Wazo langu la kwanza halikuwa na ukubwa wowote. Nilisema: kama hakuna picha ya babu kushuka kwenye lori, kwa nini tusiipige sasa? Mtoto akanipa masharti. Hakuna kupaka rangi, hakuna kuvunja, na yeye lazima awe msaidizi. Sharti la tatu ndilo lililonigharimu zaidi, maana msaidizi huyu ana maoni.

Hebu tupige hesabu kidogo, kwa sababu bila hesabu kazi hii haiendi. Mtu mrefu ana kama sentimita 180. Mdoli wa sentimita 15 ni mtu huyo amegawanywa kwa 12. Kila utakachokiweka kando yake nacho kigawe kwa 12, la sivyo jicho la mtazamaji litacheka kabla hata moyo haujasogea. Kofia, jembe, mlango, yote hayo unaweza kuyatengeneza. Lakini shamba la mkonge utalitoa wapi? Nilijaribu majani ya nanasi, yakaonekana majani ya nanasi. Kisha nikakumbuka kitu ambacho kimekuwa miguuni mwangu tangu nizaliwe. Mkonge ukikomaa kabisa hutoa mlingoti mmoja mrefu kuelekea juu, na kule juu, maua yakishapita, huota vitoto vya mkonge mamia kwa mamia, kila kimoja mmea kamili wenye majani yake, vikisubiri kuanguka. Mama akishamaliza hiyo kazi anakufa. Kitoto kimoja kina sentimita 8 mpaka 10. Zidisha kwa 12 uone. Ni mkonge wa kufika kifuani mwa mtu.

Tuliokota ndoo nzima. Tukavipanda nyuma ya nyumba kwa mistari miwili miwili, nafasi, miwili tena, kama vinavyopandwa shambani, na kufikia jioni tukawa na shamba letu la mita mbili kwa moja na nusu. Simu nyingi lenzi yake iko upande wa juu. Ukiigeuza kichwa chini na kuilaza ardhini, jicho lake linalingana na kifua cha mdoli, na ghafla yale matuta ya uani hayana mwisho. Nilikaa pale naangalia kioo cha simu, nikasahau ugali jikoni.

Mavazi tulishona kwa vipande vya kaniki na gunia. Babu akawa Spider-Man mzima, yule mwenye viganja vyote, kwa sababu goti lake linakunjika vizuri na mkata mkonge hutumia goti na kiuno kuliko kitu kingine. Batman akapewa unyapara. Hoja ya msaidizi ilikuwa kwamba ana masikio marefu, atasikia wavivu wakipiga soga. Bibi, kwa kuwa hakuna mdoli wa kike, alichezwa na Black Panther ndani ya kipande cha khanga, na niseme ukweli alipendeza. Hulk peke yake hakupata kazi maana kwa kipimo cha 12 angekuwa mtu wa kugusa dari. Mtoto alinuna siku nzima. Tukaja kugundua kwamba ukimlaza Hulk ubavu, nyuma kabisa, mbali na lenzi mpaka akavurugika, anakuwa Usambara. Kijani, mabega, mabonde, kila kitu. Picha tisa kati ya 12 zina Hulk na hakuna hata mtu mmoja aliyemtambua.

Na kuna jambo lilinichekesha peke yangu wakati nawavisha. Kilichouangusha mkonge ni nini? Kamba za nailoni na za plastiki. Baada ya 1964 bei ikaanza kuporomoka, 1967 Azimio la Arusha likaja na mashamba mengi yakataifishwa, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 nchi ilikuwa imeshuka mpaka karibu na tani 20,000. Sasa plastiki ile ile imevaa kaniki, inamwigiza mkata mkonge.

Mpango niliuandika kwenye kauntabuku. Visanduku 12, kila kimoja na mchoro wa vijiti na maneno machache. Kanuni yangu ni moja tu: kati ya kisanduku hiki na kinachofuata, kumebadilika nini? Kama hakuna kilichobadilika, kimoja kinatoka hata kama ndicho kizuri zaidi. Nilichora safari, lori, kupewa namba, siku ya kwanza ya kukata, siku ya mshahara, kuoa, mtoto. Kisanduku cha 12 niliandika neno "mazishi" nikapigia mstari, bila mchoro, kwa sababu sikuwa na la kuchora.

Lori ndilo lililomtoa mzee kwenye kiti.

Mtoto alikuwa ametoa gari lake la waya. Tunalipitisha mbele ya baraza, baba kakaa na redio yake, mara tukasikia: "Lori gani hilo halina mbavu?" Tukasimama. "Lori la manamba lilikuwa na mbavu za mbao pembeni. Watu wanasimama, wanashika mbavu. Anayekaa anatapika. Nimeyaona yakija mpaka nimekuwa mkubwa." Akarudi kwenye redio. Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko niliyopata kwa miaka 30. Kesho yake asubuhi akaomba kisu na kipande cha mlingoti. Mlingoti ukikauka ni mwepesi kama boya, na watoto wote waliokulia kwenye mkonge wamechonga humo magari na ndege. Siku mbili alichonga, akikohoa na kupuliza unga wa mti, akatoa lori lenye mbavu nane kila upande. Hakusema ni la nini. Aliliweka juu ya ndoo yetu ya vitoto, akaenda kulala.

Halafu nikagundua kwamba mzee anajua kusoma hadithi ya picha kuliko mimi. Sikupaswa kushangaa. Wapenzi wa fasihi wa rika langu tunamjua Faraji Katalambulla kwa Simu ya Kifo ya mwaka 1965, na tukimtaja tunaishia hapo, kwenye upelelezi wa maneno matupu. Wachache wanakumbuka kwamba alitoa pia Film Tanzania, gazeti la hadithi zilizopigwa picha na watu halisi, kisanduku kwa kisanduku, maneno yakiwa pembeni. Nadhani ni upungufu wetu. Tunaona aibu kuyaita yale fasihi. Kabla ya hapo na sambamba na hapo lilikuwepo African Film la kampuni ya Drum, na jasusi wake Lance Spearman, Spia mwenye kofia na tai ya kipepeo, akichezwa na Jore Mkwanazi. Baba alikuwa kijana wa miaka 20 hivi. "Lile gazeti likifika kambini," aliniambia, "linasomwa mpaka sura zinafutika." Asiyejua kusoma alisomewa, na baada ya mara tatu alijua kuwasomea wengine, kwa sababu picha zilimkumbusha.

Nikawa namwonyesha picha za majaribio kwenye simu, naikaribisha upande wa jicho zima. "Hii na hii ni moja. Toa moja." Kanuni yangu mwenyewe, ananirudishia. Siku nyingine akaniuliza Kigoma iko upande gani. Nikamwambia magharibi. "Kwenye picha, mama. Kwenye picha iko upande gani?" Sikuwa nimefikiria. Mdoli wangu katika picha moja alitembea kuelekea kulia, katika nyingine kushoto, kwa kufuata mwanga tu. Baba akasema, Kigoma iwe kushoto, kama kwenye ramani ya shuleni. Lori liende kulia. Kazi iende kulia. Akigeuka kushoto, tujue anaangalia kwao. Kwa watu wa filamu hilo ni somo la wiki ya kwanza, najua. Lakini jaribu uone linavyofanya. Katika picha ya sita Spider-Man amemaliza fungu lake, amesimama wima, panga limelala begani, na kichwa kimegeuka kushoto kidogo tu, labda nyuzi 20. Hana macho wala mdomo. Dada yangu alipoiona aliniuliza, "Anawaza nini huyu?"

Tangu siku hiyo baba hakutaka kuangalia simu tu. Alikuja na kigoda uani, saa moja na nusu asubuhi wakati mwanga bado umelala chini, na akawa anasogeza. Haelezi. Anamshika mdoli mguuni kwa vidole viwili, anamhamisha, anarudi kukaa. Foleni ya mshahara nilikuwa nimeipanga watu wamebanana, kwa sababu picha inajaa vizuri. Aliitawanya. "Waha huku. Wamakonde kule. Hawa wa Urundi hapa." Akaacha nafasi kati ya kundi na kundi, pana kiasi cha kumkera mpiga picha yeyote, na ndivyo ilivyopigwa. Nyapara nilimweka mkono juu, ameshika kiboko cha njiti. Baba akaushusha mkono, akamgeuza Batman atupe mgongo. "Hakuwa anapiga. Alikuwa anahesabu." Baada ya kimya akaongeza: "Kuhesabiwa ndiko kubaya." Nikamuuliza namba ya babu ilikuwa ngapi. Akasema babu aliikumbuka mpaka anakufa, yeye ameisahau, na anashukuru Mungu kwa kuisahau.

Huku kwetu, kusema kwa sanamu hakukuja na Spider-Man. Wasambaa na Wazigua, na majirani zao, walikuwa na vinyago vya udongo vya kufundishia vijana katika jando na unyago, kila kinyago na wimbo wake. Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya kikoloni, alivikusanya akaandika kitabu, African Figurines, mwaka 1956. Mambo ya ndani yana wenyewe, siyaingilii, na sina hakika wenyewe walifurahi kuyaona kitabuni. Ninachookota pale ni namna tu. Mkufunzi hakukaa akamweleza mwali mwanzo mpaka mwisho. Kinyago kiliwekwa mbele yake, wimbo ukaimbwa, na maana ikaja kwa mlango wa nyuma.

Mbali zaidi, yupo Rithy Panh wa Kambodia. Alikuwa mtoto pale Khmer Rouge walipouhamisha mji wa Phnom Penh mwaka 1975, na familia yake iliteketea katika miaka iliyofuata. Picha zilizobaki za wakati ule zilipigwa na watawala kwa faida yao. Mwaka 2013 akatoa filamu, The Missing Picture, ambayo watu wake ni sanamu ndogo za udongo zilizopakwa rangi. Hazitembei hata moja. Zimesimama tu, na kamera inapita kati yao. Niliitazama usiku mmoja kwa bando la ofa, nikaizima katikati nikatoka nje kupumua, kisha nikaimalizia. Silinganishi mashamba ya mkonge na yale. Nasema tu kwamba nilijisikia nina ndugu kwenye kazi.

Rafiki mmoja alinishauri kwa nia njema: mbona unajitesa, andika tu kwenye programu ya akili mnemba, "manamba akishuka kwenye lori Korogwe, 1946", itakuletea picha ya babu mwenye sura kabisa. Nilijaribu. Ilileta mzee mzuri sana, mikunjo, machozi, machweo nyuma yake. Nikamwonyesha baba. Akasema, "Nani huyu?" Nikamwambia ni mfano wa babu. Akatazama tena, akanirudishia simu. Hakuna mahali pa kumshika mguu amsogeze.

Picha ya 12 niliiacha mpaka mwisho kabisa. Ilikuwa Jumapili. Spider-Man tulimvika sanda ya bafta, tukachimba shimo dogo mbele ya mistari ya mkonge, na udongo mwekundu ukalundikwa pembeni. Nikawapanga wote kulizunguka kaburi: Batman, askari, Spider-Man asiye na kiganja, na Bibi na khanga yake. Nilikuwa nakosa mtoto. Usiku uliotangulia baba alikuwa amechonga mwingine wa mlingoti bila kuombwa, mtu mdogo mwenye kichwa kikubwa na mikono iliyoshikana na mwili. Nilimpima, sentimita 8. Nikamwambia baba, mtoto wa miaka tisa ana kama sentimita 130, kwa kipimo chetu angekuwa karibu 11. Akasema, "Nilikuwa mdogo."

Nikamsimamisha yule mtoto kando ya mama yake, kichwani mwa kaburi.

Baba alikaa kwenye kigoda muda mrefu. Kisha akainama, akamtoa Bibi. "Wanawake walibaki kambini." Akamtoa askari. "Ilikuwa siku ya kazi." Wakabaki wawili tu, asiye na kiganja na Batman. Nikauliza, nyapara naye alikuwepo? "Alikuja kuandika kwamba amekufa." Akamshika Batman, akamwinamisha kiuno, akaegemeza kijiti cha jembe kifuani pake. "Lakini alishika jembe."

Halafu akamchukua yule mtoto wa mlingoti, akasimama. Nilidhani anamrekebisha. Akatoka naye nje ya shamba letu, akapita ndoo, akapita kamba ya nguo, akaenda kumweka chini kwenye ukuta wa jiko, karibu na mtungi, kama hatua saba za mtu mzima.

"Mimi nilikuwa hapa."

Tukamtazama, mimi na mtoto.

"Walinituma maji. Palikuwa na kisima karibu, wakaniambia niende cha mbali. Nimekwenda cha mbali. Narudi, wanakung'uta mikono." Akakohoa, akasubiri kipite. "Pale baadaye palilimwa. Pana mkonge. Usiniulize mstari wa ngapi."

Shamba lenyewe sina haja ya kulitaja, limeshabadilisha wenyewe, na waliolilima hawapo. Sikuuliza kitu kingine. Mtoto wa kaka aliuliza, kwa sababu miaka tisa haina breki: "Babu, ulilia?" Baba akamjibu kwamba ndoo ilikuwa nzito.

Picha niliipiga kutoka pale ukutani. Mtungi niliusogeza, nikalaza simu chini nyuma ya yule mtoto, kwa hiyo tunamwona kisogo na bega moja, na kando yake kifuniko cha soda chenye maji. Ukiiachia simu, yenyewe inachagua cha kuona. Unagusa kioo pale unapotaka na kushikilia mpaka ikubali. Niligusa kisogo. Mkonge ukawa ukungu wa kijani, Hulk akawa ukungu juu ya ukungu, na katikati yake madoa mawili meusi yaliyoinama. Usipoambiwa huwezi kujua kwamba ni mazishi. Niliongeza sentensi moja chini, ya baba, ile ya ndoo.

Msaidizi ndiye aliyegundua nilichokuwa sijakiona. Kwa vile jiko liko upande wa kulia wa uani, mtoto wa mlingoti akirudi na maji anatembea kuelekea kushoto. "Shangazi, huyu anakwenda Kigoma." Nilitaka kugeuza picha, programu ya simu inaweza, ni kubonyeza mara moja. Nikamtazama baba.

"Mwache," akasema.

Midoli imerudishwa kwa mwenyewe, sanda imefuliwa ikawa kitambaa cha kufutia miwani. Mtoto wa mlingoti yuko dirishani kwa baba, kando ya dawa zake. Na vile vitoto vya mkonge hakuna aliyeving'oa. Mvua za vuli zimevikuta pale pale, vimeshapita kichwa cha Spider-Man, na miiba imeanza kukomaa. Kwa kipimo cha 12 havifai tena. Nikipiga nyingine itabidi niokote ndoo mpya.